Mkono Mtupu wa Mzee Mihayo

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na moja. Nilipomwambia baba, aliuliza kama kuna kiinua mgongo. Nikamjibu hakuna, kwa sababu hata mshahara haukuwepo. Akasema basi huko si kustaafu, ni kupumzika, akaendelea na kahawa yake.

Mimi naita kustaafu. Kwa miaka sita nimekuwa mtunza picha wa kundi letu la simu, kundi la watu wanaopenda treni pamoja na watoto na wajukuu wa waliofanya kazi reli, kuanzia hapa Tabora hadi Kigoma na tawi la Mpanda. Watu waliniletea picha za zamani, nikazipitisha kwenye skana, nikazisafisha kwa kompyuta, nikaandika maelezo chini yake, nikaziweka kwenye kundi. Neema, anayechukua kazi hii, aliniomba nimwandikie maelekezo ya ukurasa mmoja. Nimeuandika ukurasa huo mara tisa. Kila mara niliruka jambo moja, na bila jambo hilo maelekezo hayana maana. Kwa hiyo naandika yote, na wengine mnaweza kusoma.

Sikusomea kazi hii. Nilikuwa na kiduka cha fotokopi na picha za paspoti karibu na stesheni. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa kubonyeza kila kitu na kuomba radhi baadaye. Kwetu hakuna mtu wa reli hata mmoja. Babu alikuwa fundi cherehani mjini, baba anauza vitenge, na nyumba nzima inakunywa kahawa kwa vile vikombe vidogo visivyo na mkono. Kila karatasi ya kwetu ina alama ya kikombe. Cheti changu cha kuzaliwa kina duara la kahawia kwenye jina la mama. Nimekua nikiyachukia maduara hayo. Shuleni nilikuwa nikiinakili upya kazi yote ya nyumbani kwa sababu ya duara moja, na mwalimu hakuwahi kugundua, jambo lililoniuma zaidi.

Siku ya kwanza aliingia dukani Mzee Sengo, gadi mstaafu, yaani yule mtu wa behewa la mwisho anayeisimamia treni nzima. Alikuwa na bahasha ya kaki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Una mashine ya kuziingiza hizi kwenye simu?"

Zilikuwa picha kumi na mbili. Nilipofika ya nne nikamuuliza hapa ni wapi.

"Kaliua hapo."

"Umejuaje mzee? Naona ukuta tu."

"Ukuta huo nimeuegemea miaka kumi na saba. Mke wangu anaufahamu kwa jina."

Nikamuuliza mwaka. Akaniangalia kama abiria aliyepanda bila tiketi. "Usiwaulize watu mwaka. Utawafanya waseme uongo bure. Waulize siku hiyo walikuwa wanafanya nini, mwaka utakuja wenyewe."

Nimefuata kanuni hiyo mpaka leo na sijajuta. Kanuni yake ya pili ilikuwa hii: ukitaka kujua mtu kwenye picha alikuwa nani reli, usiangalie kofia. Kofia huazimwa picha inapopigwa. Angalia mikono. Gadi ana bendera, fundi wa njia ana koleo au nyundo ndefu, karani ana kalamu na hataki uione imekauka. "Mikono haiazimwi," alisema. Nikaiandika kwenye daftari, nikaipigia mstari kwa rula.

Kwa hiyo Neema, kabla ya kila kitu, angalia mikono. Halafu, picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiibandue. Ipige skana na kioo chake. Vumbi liondoe kwa brashi laini, usipulize kwa mdomo, mate yanaruka hata kwa mtu mstaarabu. Mtu akikuletea albamu, igeuze mbele yake, ukurasa kwa ukurasa, ili picha ikikosekana asiseme ilikosekana kwako.

Jiandae pia na madereva. Kila familia ina dereva. Nilipojaribu kuwapanga madereva wote wa kundi letu, treni ya Kigoma ilihitaji vichwa kumi na kimoja na haikubaki nafasi ya abiria. Usibishane. Andika "alifanya kazi reli" na uache nafasi. Na kama familia mbili zikidai mtu mmoja, usikimbilie kusema mojawapo imekosea. Niliwahi kuwa na picha ya mzee mmoja aliyeshika taa. Familia moja ya Urambo ilisema ni babu yao, nyingine ya karibu na Kipalapala ikasema hapana, ni wao. Nililinganisha masikio kwa wiki tatu. Wote walikuwa sahihi, mzee alikuwa na zamu pande zote mbili. Kundi lilipata wanachama wapya tisa, na bibi mmoja akatoka bila kuaga.

Sasa lile ninaloliruka.

Katika mwaka wangu wa pili alikuja Mama Skola, mkulima wa Ntalikwa, na picha moja tu, ndogo kama kiganja. Ilikuwa ya baba yake, Mzee Mihayo, aliyefanya kazi stesheni moja ndogo upande wa magharibi, na ambaye wakati huo alikuwa akiishi Kaliua kwa mtoto wake wa kiume. Mama Skola alikulia kijijini kwa bibi yake, stesheni hakuwahi kuiona. Picha aliirithi kwa mama yake. Ilionyesha kijana mwembamba amesimama kando ya reli, mkono wa kulia juu, na kichwa cha treni kikimfikia kwa kasi kiasi kwamba kimekuwa ukungu. Na kwenye mkono ule kulikuwa na duara. Lilikuwa hafifu, limekatika upande mmoja, ukubwa wake sawasawa na kitako cha kikombe cha kahawa.

Nilikuwa nimefundishwa kuangalia mikono. Niliuangalia. Niliona mkono na uchafu.

Ilinichukua mchana mmoja na nusu. Nililifuta duara nukta kwa nukta, nikaunda upya vidole viwili, nikarudisha mawingu nyuma yake. Mpaka leo ni kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, na nasema hivyo nikiona aibu. Kisha nikahifadhi juu ya ile ya kwanza, kwa sababu wakati ule sikuweza kutulia nikijua ndani ya kompyuta kuna toleo chafu la kitu changu. Nikaandika chini: "Mfanyakazi wa stesheni akiwapungia abiria mkono." Hakuna aliyeniambia anapunga. Niliona tu kwamba picha bila maelezo inaonekana haijakamilika.

Mama Skola alipokuja kuchukua, alifurahi mpaka akanipa mihogo. Akauliza afanyie nini ile ya zamani. Nikamwambia, "Haina kazi tena mama, hii ni bora." Yeye ni mtu anayewasikiliza wataalamu. Aliichoma akiwashia jiko la mkaa.

Nilipoiweka kwenye kundi, watu waliipenda. Mzee Sengo peke yake aliandika, "Mkono huu sijauelewa." Nikamjibu kwa kikaragosi kinachocheka. Siku chache baadaye Kitwana akatengeneza stika. Kitwana anauza vipuri vya pikipiki hapa mjini, na baba yake marehemu alikuwa stesheni masta wa stesheni ile ile ya Mzee Mihayo. Alikata picha yangu, akaandika juu yake KWAHERI JAMANI, na kuanzia hapo mtu yeyote akitaka kuondoka kwenye mazungumzo alituma stika hiyo. Watu wakaanza kumwita Mzee Kwaheri. Mama Skola mwenyewe aliituma. Mimi niliituma, nadhani kila siku.

Mwaka jana, Jumamosi moja ya kiangazi, tulikutana ana kwa ana kwa mara ya kwanza. Tulikodi ukumbi karibu na stesheni, tukafunga kamba ukutani, tukazianika picha kwa vibanio vya nguo. Nilipima nafasi kati ya picha na picha kwa rula. Mzee Mihayo alikuja kutoka Kaliua kwa treni, kisha kwa bajaji pamoja na binti yake. Alivaa koti la kaki, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni kwenye joto lile.

"Mzee Kwaheri huyo!" Kitwana akapaza sauti. "Karibu mzee wetu! Tupungie basi!"

Watu wakacheka. Mzee alisalimia kila mtu, akaanza kuipita mistari ya picha polepole, mikono nyuma. Nilikuwa karibu, nanyoosha kibanio kilichokuwa kimenyooka tayari. Akasimama.

"Huyu ni mimi?"

"Ndiyo babu. Shikamoo."

"Marahaba. Tokeni yangu iko wapi?"

Tokeni nilikuwa nalijua kama neno tu. Sikuwahi kuiona. Mzee alieleza pale pale, bila kupandisha sauti, na mimi nawaeleza alivyoeleza. Njia ni moja, treni zinakwenda pande zote mbili. Kwa hiyo kila kipande cha njia kati ya stesheni na stesheni kina ruhusa yake, kipande cha chuma kinachotolewa kimoja tu kwa wakati mmoja. Dereva akiwa nacho, kipande hicho cha njia ni chake. Asipokuwa nacho, haingii. Treni isiyosimama hupewa ikiwa inatembea: tokeni inatiwa kwenye kifuko cha ngozi, kifuko kinafungwa kwenye ringi ya chuma, na mtu wa stesheni anasimama kando ya reli ameinua ringi ili dereva apitishe mkono ndani yake.

"Sasa hapa dereva ndiyo ananifikia," alisema, akiweka kidole karibu na picha bila kuigusa, "na mkono wangu uko mtupu. Unajua hii ni picha ya nini? Ya mtu aliyewaachia watu wakafe."

Kitwana akasema kwa upole wa mtu anayesahihisha, "Lakini mzee, tokeni si alikuwa anatoa baba? Wewe tulisikia ulikuwa unafagia."

"Nilifagia pia. Stesheni tulikuwa wawili, na mwenye kiti alikuwa baba yako." Watu wakacheka tena, Mzee hakucheka. "Yeye aliitoa kwenye mashine ya tokeni ofisini. Mimi nilimpelekea dereva. Miaka kumi na minne, sijaangusha hata mara moja. Picha hii alipiga fundi wa simu aliyekuwa anapita, akaniletea, akasema, Mihayo, kwa hii hakuna atakayekukatalia kazi yako." Akanigeukia. "Ilikuwepo. Imekwenda wapi?"

Nilisema, "Labda ilifutika yenyewe babu. Picha ni ya zamani."

Naandika sentensi hiyo kama nilivyoitamka. Akaisogelea picha, akaitazama muda mrefu.

"Mbona mawingu hayakufutika?"

Nilikwenda nyuma ya ukumbi, kwenye sufuria za pilau, nikajifanya nahesabu sahani. Mama Skola alikuwa ndani akimwambia baba yake akae, na nilisikia mzee akikataa kiti. Mzee Sengo akanikuta pale.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ulidhani ni nini?"

"Kikombe cha kahawa."

Aliziangalia sahani kama mtu anayehesabu mabehewa. Kisha akaniuliza kama najua gadi anafanya nini treni yake inapoharibika njiani. Nikasema sijui.

"Hakai kwenye behewa kusubiri. Anachukua bendera nyekundu na fataki za kutega relini, anatembea kwa miguu kurudi nyuma alikotoka, ili anayekuja asigonge. Jua kali, mvua, fisi, unatembea. Hupendi, lakini unatembea." Akachukua sahani moja mkononi mwangu. "Kuna watu mia moja na kitu wana ile stika kwenye simu. Nenda."

Kutoka kwenye sufuria hadi kwenye kamba ya picha ni hatua kama thelathini. Nilifika, nikasimama kando ya Mzee Mihayo, nikawaambia watu wote. Nilisema tokeni ilikuwepo, niliifuta mimi, maneno ya kupunga mkono nilitunga mimi, na ya zamani imechomwa kwa ushauri wangu. Sauti ilitoka nyembamba, na neno "tokeni" nililisema mara nyingi mno.

"Uliifuta kwa nini?" Mzee akauliza.

"Nilidhani ni uchafu babu. Alama ya kikombe cha kahawa."

"Kahawa," akasema. Akamgeukia binti yake. "Nyumbani kwako mna vikombe vya kahawa?"

"Hatuna hata kimoja, baba. Sisi tunakunywa uji."

"Ulimuuliza?" akanigeukia tena.

"Sikumuuliza."

Akatikisa kichwa, si kwa hasira. Alikuwa kama fundi anayeangalia ufa na kuelewa umeanzia wapi. Kitwana alikuwa ameinamia simu yake. Nilidhani anacheka, kumbe anaifuta stika. Alihangaika nayo, akafuta na picha za harusi ya mdogo wake kwa bahati mbaya, akasema maneno ambayo siyaandiki.

"Mzee," akasema baada ya hapo, "baba alikuwa akisema tokeni haijawahi kuanguka stesheni yake. Hakutaja ni nani ambaye hakuiangusha. Nisamehe."

"Hukuwepo," Mzee akasema. "Lete ringi nikuonyeshe."

Kitwana akaenda kwa fundi baiskeli wa nje, akarudi na ringi iliyotolewa spoku. Mzee akavua koti, akamkabidhi Mama Skola. Akasimama uwanjani, miguu imetanuka, akainua ringi kwa mkono wa kulia, mgongo umenyooka ghafla kama si wa mtu yule yule. Kitwana ndiye alikuwa treni. Akaja mbio na kitambi chake, mkono mbele, akaikosa.

"Dereva gani anakunja vidole? Pitisha mkono wote! Mkono, si vidole! Rudi!"

Akarudi. Safari ya pili ringi ilimwingia mpaka begani, ikamzungusha nusu, akaanguka magotini, lakini nayo. Watu walishangilia kama mpira. Mzee Mihayo hakushangilia. Alibaki ameinua mkono sekunde mbili zaidi, uliokuwa mtupu sasa kama inavyotakiwa, akimsindikiza Kitwana kwa macho, nadhani mpaka kwenye behewa la mwisho.

Nilipiga picha wakati ringi ikiwa katikati, mkono wa mmoja ukiishika na wa mwingine ukiingia. Ina kiti cha plastiki nyuma, kiwiko cha mtu asiyejulikana, na nukta ya vumbi kwenye lenzi kulia juu. Nimeiacha hivyo. Naiona nukta hiyo kila ninapofungua simu, na nimezoea, au naelekea kuzoea.

Watu walinishauri nirudishe ringi kwenye picha ya zamani kwa kompyuta. Nina uwezo huo. Ingechukua saa moja. Nilimuuliza Mzee Mihayo, maana siku hizi nauliza. Akasema, "Ile uliyofuta niliishika mimi. Utakayochora utakuwa umeishika wewe." Kwa hiyo picha imebaki na mkono mtupu, na chini yake nimeandika: "Mzee Mihayo akimpa dereva tokeni. Ringi ilikuwepo mkononi. Aliyeifuta ni Zuwena, mtunza picha, kwa kutouliza." Hayo ndiyo maelezo pekee niliyoyaandika mara moja tu bila kurudia.

Nilimpelekea nakala Ntalikwa, anakoishi sasa, Mama Skola akamsomea kwa sauti. Mzee akaomba asome tena. Kisha akaniambia nimesahau kuandika kwamba treni siku ile ilikuwa imechelewa. Nikatoa kalamu. Akasema niache, wasafiri wa treni ile wanajua.

Stika bado inazunguka. Kitwana aliifuta kwake na wengi wetu tukaifuta, lakini ilishavuka kwenda makundi mengine, na juzi nimeipokea kutoka kwa mtu anayeuza mchele. Nilimwandikia maelezo marefu. Alijibu "Sawa dada."

Neema, diski niliyokukabidhi ina folda mbili. SAFI utaielewa mwenyewe. Nyingine inaitwa CHAFU, niliianza baada ya siku ile ya ukumbini, na ndani yake kuna kila picha iliyokuja tangu hapo kama ilivyofika, na madoa, mikunjo, wino wa watoto na maduara ya vikombe, ambayo mengine ni vikombe kweli. Usifute kitu humo hata kikikuumiza macho. Utaona picha zinaanzia namba mbili. Usihangaike kutafuta iliyopotea. Namba moja niliiwekea ile ya Mzee Mihayo, na haipo.